Tarumbeta Lililokwama: Sababu Zake na Dawa Yake

Sauti ya shaba si ngeni katika nchi zetu. Watu wa pwani, kama Lamu na Mombasa, walicheza ngoma ya beni tangu mwisho wa karne ya 19, na jina lenyewe la ngoma hiyo limetokana na bendi za Wazungu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ngoma hiyo ilienea bara pamoja na askari na wapagazi waliorudi makwao, kila mji ukawa na vyama vyake vya kushindana. Beni za namna ile zimepita, lakini matarumbeta hayakupita. Leo husikika arusini, makanisani, mazikoni na katika sikukuu za taifa, na vijana wengi hutamani kujifunza kuyapiga.

Lakini yako matarumbeta mengine ambayo hayasikiki kamwe. Yamelala katika ghala za shule na vyumba vya nyuma vya makanisa, yamefunikwa vumbi. Ukiuliza habari zake waambiwa, "Hilo limekufa, vifungo vyake havishuki." Au mtoto amepewa tarumbeta ajifunze, naye kila akifika penye sauti fulani huikosa, mwalimu amgombeza kuwa ana vidole vizito, na wenzake wamcheka, mwisho aacha kabisa. Kumbe kosa si la mtoto. Vali imekwama, na hakuna aliyeifungua akaitazama.

Jambo hili latuhuzunisha, kwani tarumbeta ni mali ya gharama. Mara nyingi limenunuliwa kwa michango ya watu wengi, huyu ametoa shilingi zake chache, na yule ameuza kuku. Mali iliyopatikana hivyo haifai kutupwa kwa sababu ya uchafu ambao kitambaa na sabuni vingeuondoa asubuhi moja. Basi leo twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wenye kutunza mali za shule na vijiji, vali ni kitu gani, kwa nini hukwama, na jinsi ya kuitengeneza.

I. VALI NA KAZI YAKE

Ili mtu aweze kutengeneza kitu, hana budi kwanza kujua jinsi kinavyofanya kazi. Tuanze na buruji ya askari. Buruji ni bomba la shaba lililokunjwa, nyembamba penye mdomo na pana mwishoni. Mpigaji huitetemesha midomo yake, na hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka pamoja nayo, ndipo sauti hutoka. Akikaza midomo, sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Lakini haipandi kidogo kidogo kama sauti ya mwimbaji. Huruka kutoka sauti moja hadi nyingine, kama mtu arukaye mawe ya kuvukia mto, na katikati hamna kitu. Ndiyo sababu milio yote ya buruji ya kuamsha askari, kuwaita chakulani na kuwalaza imetungwa kwa sauti chache zile zile.

Sauti zilizokosekana hupatikana kwa kubadili urefu wa bomba. Bomba refu hutoa sauti ya chini, na fupi hutoa sauti ya juu. Zamani wapigaji walichukua vipande vya bomba mkononi, na kila wimbo ulipobadilika walichomoa kipande hiki na kuchomeka kingine. Kazi hiyo iliwachosha. Mwaka 1814 mpigaji pembe mmoja wa Prussia, jina lake Heinrich Stölzel, alitangaza kwamba amepata njia ya kubadili urefu wa bomba kwa kidole tu. Na mwaka 1818 yeye na mwenziwe Friedrich Blühmel wakapewa hati ya uvumbuzi huo mjini Berlin. Karibu na mwaka 1839 fundi François Périnet wa Paris aliitengeneza vali vizuri zaidi, na vali za pistoni za matarumbeta ya leo zafuata namna yake.

Mtazame mpigaji tarumbeta. Chini ya vidole vyake vitatu mna vifungo vitatu. Chini ya kila kifungo mna pistoni, nayo ni kipande cha madini cha mviringo, kilichotobolewa matundu, kikaacho ndani ya mwanzi wa shaba. Huo mwanzi tutauita nyumba ya pistoni. Pistoni ikiwa juu, hewa hupita moja kwa moja. Ikibonyezwa, matundu mengine hufika mahali pake, na hewa hulazimika kuzunguka katika kipande cha ziada cha bomba kabla ya kuendelea na safari. Kidole kikiinuliwa, kamani, ambayo mafundi wengi huiita springi, huirudisha pistoni juu.

Tarumbeta la kawaida lina bomba la urefu wa mita moja na nusu, au pungufu kidogo. Vali ya pili huongeza kama sentimita 9, na sauti hushuka nusu. Vali ya kwanza huongeza kama sentimita 18, na sauti hushuka nzima. Vali ya tatu huongeza kama sentimita 28, na sauti hushuka moja na nusu. Kwa vifungo vitatu mtu aweza kupata namna nane za kubonyeza, ikiwa ni pamoja na ile ya kutobonyeza chochote. Lakini vali ya kwanza na ya pili zikibonyezwa pamoja hushusha sauti sawa na ya tatu peke yake, kwa hiyo urefu ulio mbalimbali ni wa namna saba. Kwa namna hizo saba, pamoja na kukaza na kulegeza midomo, mpigaji hupata kila sauti aitakayo.

Sasa tuangalie jambo lililo asili ya taabu yote. Pistoni sharti iteleze kwa wepesi, nayo sharti isipitishe hewa pembeni. Kwa hiyo nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Nafasi ikiwa kubwa, hewa huvuja na sauti hulegea. Ikizibwa hata kwa vumbi kidogo au utando wa mate makavu, pistoni hukwama. Mahali palipo pembamba hivyo, uchafu usioonekana kwa macho ni sawa na jiwe njiani.

II. MAMBO YANAYOKWAMISHA VALI

Sababu ni nyingi, lakini zote zaweza kuwekwa katika mafungu manane.

Ya kwanza ni uchafu. Mtu anywaye chai ya sukari au soda, au atafunaye muwa, kisha akashika tarumbeta bila kusukutua kinywa, hupuliza sukari ndani ya bomba. Sukari ikikauka hugeuka gundi. Kadhalika vumbi la kiangazi huingia na kuchanganyika na mate na mafuta, likawa tope jeusi.

Ya pili ni mafuta, ama kwa kukosekana, ama kwa kuwa si ya namna ifaayo, ama kwa kuchanganywa ya namna mbili yasiyopatana.

Ya tatu ni kutu ya kijani. Shaba haishiki kutu nyekundu kama chuma, lakini unyevu wa pumzi ukikaa ndani huleta kutu ya kijani. Tarumbeta lililowekwa miezi mingi bila kupigwa huweza kushikwa na kutu hii hata pistoni isitoke.

Ya nne ni pistoni kuwekwa mahali pasipo pake. Kila pistoni imesuguliwa na fundi ilingane na nyumba yake mwenyewe, nayo imeandikwa namba 1, 2 au 3. Ukiitia pistoni ya kwanza katika nyumba ya tatu, itakwama, au hewa haitapita.

Ya tano ni kamani iliyochoka, iliyopinda au iliyokaa upande, ikawa yasugua kando.

Ya sita ni vifuniko. Chini ya kila nyumba mna kifuniko cha hesi. Kikikazwa kwa nguvu mno chaweza kuibana nyumba. Kadhalika kifuniko hicho huwa na tundu dogo katikati la kutolea hewa. Tundu likizibwa na uchafu, hewa iliyo chini ya pistoni haina pa kutokea, na pistoni huwa nzito.

Ya saba ni kibonyeo. Tarumbeta likianguka, hata kama bomba lililogonga sakafu ni la kando, pigo laweza kusukuma nyumba ya pistoni. Vali ya pili ndiyo hupatwa zaidi, kwa sababu bomba lake fupi limejitokeza nje upande mmoja, na tarumbeta likiangukia upande huo bomba lile husukumwa ndani.

Ya nane ni kidole chenyewe. Yuko mpigaji alazaye vidole akavuta kifungo upande badala ya kukishusha wima. Vali nzima kabisa yaweza kukwama mkononi mwake.

III. KUCHUNGUZA KABLA YA KUTENGENEZA

Tabibu mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza habari zake. Basi na wewe usianze kusugua wala kugonga kabla hujajua ugonjwa. Ujiulize maswali haya.

Ni vali ipi ikwamayo? Zibonyeze moja moja, wala usizibonyeze zote pamoja. Zikiwa zote tatu nzito sawasawa, shuku uchafu au mafuta. Ikiwa moja tu, shuku kibonyeo, kamani au kifuniko chake.

Hukwama ikishuka au ikipanda? Ikishuka vema kisha ikarudi polepole, mara nyingi ni uchafu au kamani dhaifu. Ikikwama mahali pale pale kila mara, iwe yashuka au yapanda, pana mkwaruzo au kibonyeo.

Hukwama ikibonyezwa wima, au ikibonyezwa upande tu? Mpe mtu mwingine naye ajaribu. Ikiwa kwake haikwami, mfundishe mpigaji kukunja vidole kidogo na kubonyeza kwa ncha ya kidole, katikati ya kifungo.

Kisha legeza kifuniko cha chini nusu mzunguko, ujaribu tena. Vali ikiwa nyepesi ghafula, kosa ni la kifuniko. Kisafishe, ukikaze kwa vidole viwili tu. Mwisho, tazama kwa macho. Tembeza ncha ya kidole juu ya shaba yote ya nje; kidole chaweza kuona kibonyeo ambacho jicho halikukiona.

Kwa maswali haya machache tu, mwalimu ajua kama kazi ni yake au ni ya fundi. Uchafu, mafuta, vifuniko na vidole ni kazi yake. Kibonyeo na pistoni iliyopinda ni kazi ya fundi.

IV. KUSAFISHA, HATUA KWA HATUA

Tayarisha vitu hivi: beseni kubwa la plastiki, maji ya vuguvugu, sabuni laini ya kuoshea vyombo, vitambaa safi vya pamba visivyoacha nyuzi (kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi yafaa sana), kijiti cha mti kilicholainishwa, brashi laini, mafuta ya vali, na vaselini kidogo. Tandika kitambaa kinene juu ya meza, ili pistoni isibiringike ikaanguka. Pistoni iliyoanguka sakafuni yaweza kupinda, nayo ni vigumu kunyoshwa.

Kwanza, fungua kifuniko cha juu cha vali ya kwanza. Vuta pistoni wima, polepole, bila kuizungusha kwa nguvu. Itazame namba yake, na uangalie ulimi wake mdogo umeelekea wapi. Ulimi huo huingia katika mfereji ulio ndani ya nyumba, nao huizuia pistoni isizunguke. Ilaze juu ya kitambaa. Fanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, ukiziweka kwa mpango wake, moja, mbili, tatu. Katika matarumbeta mengi kamani imo ndani ya sehemu ya juu ya pistoni. Katika ala nyingine, hasa zilizo kubwa, imekaa chini. Ikiwa chini, kila kamani iweke pamoja na pistoni yake.

Pili, fungua vifuniko vya chini. Humo utakuta tope jingi kuliko utakavyodhani, kwani uchafu wote hushukia huko. Vioshe, uvifute, na utazame kama tundu la katikati liko wazi.

Tatu, chomoa mabomba ya kutelezea. Angalizo kubwa: ikiwa wayachomoa kabla ya kutoa pistoni, bonyeza kwanza vali ya bomba lile, ili hewa ipate kuingia. Bomba likikataa kutoka, usilivute kwa koleo. Liache, hilo ni jambo la fundi.

Nne, liingize tarumbeta lenyewe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Maji ya moto hayafai, kwani huambua rangi ya juu. Liache kwa muda wa dakika kumi na tano au ishirini, kisha pitisha brashi laini katika mabomba. Kwa nyumba za pistoni, kivingirishe kijiti kwa kitambaa mpaka mti usionekane hata nchani, ukipitishe ndani kwa kukizungusha. Chuma kitupu kisiingie humo kamwe.

Tano, osha pistoni, lakini usizizamishe zote nzima. Chini ya kifungo mna viduara vya sufu au koki vinavyopunguza kishindo, navyo vikilowa huvimba, na matundu hayatakaa tena sawasawa. Shika pistoni kwa juu, uoshe sehemu ya chini tu, na usafishe matundu yake kwa kitambaa chembamba.

Sita, suuza kila kitu kwa maji safi mpaka povu liishe, kwani sabuni iliyobaki nayo hukwamisha. Futa, kisha acha vikauke kivulini.

Saba, kabla ya kutia mafuta, itie pistoni kavu katika nyumba yake kwa upole, uone kama yashuka kwa uzito wake. Ikikwama ikiwa safi hivyo, umejua ya kuwa taabu si uchafu. Usiendelee kusugua, ipeleke kwa fundi.

Nane, tia matone matatu au manne ya mafuta ya vali juu ya pistoni, irudishe katika nyumba yake mpaka ulimi uingie mfereji wake. Mara nyingi utasikia mlio mdogo. Funga kifuniko kwa vidole tu. Puliza. Hewa ikipita, umefanya vema. Isipopita, usiogope, pistoni moja imekaa vibaya. Zitoe moja moja utazame namba na ulimi.

Mwisho paka vaselini kidogo juu ya mabomba ya kutelezea kisha uyarudishe. Lakini angalia, vaselini isiguse pistoni. Bomba la kutelezea lataka mafuta mazito ili likae mahali pake, na pistoni yataka mafuta mepesi ili iruke. Mtu akizichanganya dawa hizi mbili hupoteza kazi yote ya asubuhi.

V. HABARI YA MAFUTA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa hudhani mafuta yote ni sawa. Mafuta ya vali ni mepesi karibu kama maji, hayana gundi, nayo yametengenezwa kwa kazi hii. Chupa moja ndogo hudumu miezi mingi, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya tarumbeta. Wenye kununua tarumbeta wasisahau kununua mafuta yake siku ile ile.

Mafuta ya kupikia hayafai. Yakikaa hewani hugeuka gundi ya manjano. Mafuta ya nazi nayo, ambayo pwani huonekana mepesi, huganda ubaridi ukishuka chini ya digrii 24 hivi. Basi asubuhi ya Njombe au ya Nairobi yatakuwa kama mshumaa ndani ya vali. Samli haifai. Mafuta ya injini ni mazito mno. Mafuta ya cherehani si mabaya kama hayo, lakini nayo ni mazito kidogo, na vali huwa mvivu.

Je, mafuta ya taa? Ni kweli kwamba wapigaji wengi wa zamani waliyatumia, na baadhi ya mafuta ya vali hutokana na mafuta ya petroli ya jamaa moja nayo. Yafaa kwa kulainisha gundi ya zamani, lakini hukauka upesi, yana harufu mbaya, na hushika moto. Mtu akiyatumia kusafishia, afanye hivyo nje ya nyumba, mbali na moto na sigara, kisha aoshe kwa sabuni na kutia mafuta ya vali. Mtoto asipige tarumbeta linalonuka mafuta ya taa, kwani atayavuta kifuani.

Tena, usiongeze mafuta ya namna mpya juu ya ya zamani. Mafuta ya petroli na yale yaliyotengenezwa kwa kemia yakikutana huweza kuleta utando unaonata. Ukitaka kubadili, safisha kwanza yote ya kale.

VI. PISTONI IKIKATAA KUTOKA

Tarumbeta lililolala miaka ghalani huenda likawa na pistoni iliyoshikamana kabisa. Hapa subira ndiyo chombo cha kwanza. Fungua kifuniko cha juu na cha chini. Tia mafuta mepesi juu, kuzunguka pistoni, kisha ligeuze tarumbeta utie na chini. Liache usiku kucha. Kesho yake jaribu kuizungusha na kuivuta kwa vidole. Isipotoka, tia tena, ungoje tena. Siku tatu za kungoja si hasara kwa kitu kilicholala miaka mitatu. Kifuniko cha chini kikikataa kufunguka, kishike kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kwani mpira hushika bila kukwaruza.

Isipotoka hata hivyo, acha. Usiingize bisibisi chini ukagonga kwa nyundo, wala usishike kishina chake kwa koleo. Pistoni nyingi ambazo fundi angeziokoa zimeharibiwa na nyundo ya mtu mwenye haraka.

VII. MAMBO YA KUEPUKA KABISA

Msasa usiiguse pistoni. Mtu husema, "Imebana, nitaipunguza kidogo." Akiisugua, huondoa ule ulinganifu wenyewe, na tangu siku hiyo hewa huvuja, na kilichoondolewa hakirudishwi kwa urahisi. Dawa ya kung'arishia shaba nayo isitumiwe ndani ya vali. Ina unga unaokwaruza, nao hubaki katika matundu. Sufi ya chuma ni vivyo hivyo. Mate si mafuta, ingawa hulainisha kwa dakika mbili. Yakikauka huongeza gundi.

Kadhalika, haya tuliyosema ni ya vali za pistoni. Baadhi ya pembe na matarumbeta makubwa yana vali za kuzunguka, ambazo Joseph Riedl wa Vienna alizipatia hati mwaka 1835. Hizo zisifunguliwe na asiyezijua. Hutiwa mafuta yake tu, na zikikwama hupelekwa kwa fundi.

VIII. DESTURI NJEMA KATIKA SHULE NA KIJIJI

Kinga ni bora kuliko tiba. Mwalimu awazoeze wanafunzi wake mambo haya. Kila mpigaji asukutue kinywa kabla ya kupiga. Akiisha kupiga atoe maji yote yaliyokusanyika ndani, afute nje, na kulirudisha tarumbeta katika kasha lake, si juani wala chini ya kitanda. Kila siku ya kupiga atie matone machache ya mafuta. Kila juma aoshe kipulizio kwa sabuni, na wanafunzi wanaoshirikiana tarumbeta moja wakioshe kila linapopita mkono mmoja hadi mwingine. Kila mwezi au miezi miwili lioshwe lote kama tulivyoeleza.

Usafi huu si kwa ajili ya vali tu. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika habari za mpigaji tromboni aliyekohoa kwa muda wa miaka 15, na mwisho ikaonekana kwamba ala yake mwenyewe ilikuwa na ukungu na vijidudu ndani, naye alikuwa akivivuta kifuani. Alipoanza kuisafisha barabara, kikohozi kikapona. Basi tarumbeta chafu ladhuru na mpigaji wake, na wazazi wana haki ya kujua kwamba chombo awekacho mtoto wao kinywani ni safi.

Kwa wazee na wakubwa wa vijiji tuna neno moja zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila tarumbeta la shule, la kanisa au la chama na liandikwe katika kitabu: namba yake, siku lilipoingia, jina la mwenye kulitunza, siku lilipooshwa, na siku lilipopelekwa kwa fundi. Tena katika bajeti ya mwaka pawe na fungu dogo la mafuta, vitambaa na matengenezo. Wengi huchangisha fedha nyingi kununua ala mpya hali zile za kwanza zimelala kwa kukosa chupa ya mafuta. Watu walioombwa mchango wa pili bila kuonyeshwa faida ya wa kwanza wana sababu ya kunung'unika.

Twawashauri walimu wote walio na ala za shaba ghalani wafanye hivi juma hili. Watoe kila tarumbeta lisemwalo kuwa limekufa. Wabonyeze vali moja moja, na kuandika ipi yashuka na ipi yakataa. Wale zilizochafuka wazisafishe mbele ya wanafunzi, ili na wao wajifunze, kwani mtoto aliyeona pistoni ikitoka nyeusi na kurudi inang'aa hatasahau tena kusukutua kinywa. Zile zilizobonyea wazifungie kwa kitambaa na kuzipeleka kwa fundi ajuaye, bila kuzigusa kwa nyundo. Na kama yuko mtoto aliyeacha kujifunza kwa kuambiwa kuwa vidole vyake ni vizito, aitwe, apewe tarumbeta lililosafishwa, ajaribu upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, mara nyingi, huzibwa kwa matone manne ya mafuta.